Kinga Haina Kipimo Kimoja: Mimea, Saratani na Ahadi ya "Kuongeza Kinga"

Mwaka 1952 daktari mmoja wa Kanada, Clark Noble, alipokea bahasha ya majani kutoka Jamaika. Watu wa huko walikuwa wakiyachemsha na kunywa maji yake kutibu kisukari. Yalikuwa majani ya ua dogo lenye asili ya Madagaska, ambalo wataalamu wanaliita Catharanthus roseus. Clark akampa ndugu yake Robert, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Western Ontario. Robert aliwanywesha panya maji ya majani yale, sukari ya damu haikushuka. Akaamua kuwadunga. Sukari bado haikushuka, ila panya wakaanza kufa kwa maambukizi ya bakteria. Damu yao ilipopimwa sababu ikaonekana: chembechembe nyeupe zilikuwa zimeporomoka, na uboho wa mifupa ulikuwa umepunguza sana kuzizalisha.

Hapo wengi wangeandika kwamba mmea ni sumu na kuufunga ukurasa. Robert Noble na mkemia Charles Beer waliuliza swali jingine. Kama kitu hiki kinaangamiza chembechembe nyeupe, kitafanya nini kwa saratani ya chembechembe hizohizo? Kufikia mwaka 1958 Beer alikuwa amekitenga kiambata chenyewe, vinblastini. Kiambata cha jamii moja nacho, vinkristini, kikatoka katika mmea uleule na kuidhinishwa Marekani mwaka 1963. Hadi leo vinkristini ni miongoni mwa dawa za msingi katika kutibu leukemia, yaani saratani ya damu, ya watoto.

Kisa hiki nakitanguliza kwa makusudi. Karibu kila mzizi, jani na unga unaotangazwa kwa mgonjwa wa saratani huja na ahadi ileile, kwamba unaongeza kinga ya mwili na kinga ikipanda saratani itaondoka. Kumbe moja ya dawa za mimea zinazoheshimika zaidi katika wodi za saratani iligunduliwa kwa sababu ilishusha kinga. Anayetaka kuelewa mambo haya hana budi kuachana na picha ya kinga kama kitu kimoja kinachopanda na kushuka. Mimea inagusa kinga kweli, tena kwa njia za kushangaza. Lakini kila kiambata kinagusa mahali pake, na mahali hapo ndipo panapoamua kama mgonjwa atafaidika, ataumia au hatapata lolote.

Mwili unapoikuta saratani

Ugumu wa saratani ni kwamba imezaliwa ndani. Protini za seli yake ni karibu zilezile za seli ya kawaida, isipokuwa chache zilizobadilika kutokana na makosa ya kijenetiki. Kinga inapoitambua, kazi huanzia kwa seli za dendriti. Hizi huokota vipande vya protini zilizobadilika, huvipeleka kwenye tezi za limfu na kuvionyesha kwa seli T. Seli T inayovitambua huzaliana, husafiri hadi kwenye uvimbe na kuanza kuua.

Uvimbe uliofikia kuonekana ni ule uliopata namna ya kukwepa. Njia mojawapo ni kukanyaga breki za seli T. Juu ya seli T kuna protini iitwayo PD-1, na ikiguswa na mwenzake PD-L1, seli T hupoa na kuacha kuua. Breki hiyo ipo kwa faida yetu, ili kinga isivishambulie viungo vya mwili wenyewe, ila saratani nyingi huitumia kujificha. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2018 kwa kazi iliyoonyesha kwamba breki za namna hii zinaweza kuachiliwa. Dawa ya kwanza ya kundi hilo, ipilimumabu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011, na tangu hapo tibakinga, yaani tiba inayoitumia kinga ya mwili dhidi ya saratani, imebadilisha maisha ya wagonjwa wengi, hasa wenye saratani ya ngozi aina ya melanoma na wenye saratani ya mapafu.

Tuzitazame dawa hizo kwa makini. Hazimwagi kinga mpya mwilini. Zinafungua kizuizi kimoja, kwenye seli za aina moja. Hata kufungua huko kwa uangalifu kunaweza kuwa na gharama: baadhi ya wagonjwa huvimba utumbo mpana, wengine tezi ya thairoidi huharibika, wengine mapafu au ini hushambuliwa na seli zao wenyewe. Ndiyo maana daktari wa saratani hasemi "kinga iwe juu" kana kwamba hapo pana usalama.

Kuna jambo jingine ambalo matangazo hayaligusi kabisa. Ndani ya uvimbe mara nyingi kuna seli za kinga zinazoufanyia kazi uvimbe huo. Makrofaji, ambao kwa kawaida humeza bakteria na taka, hugeuzwa na kuanza kusaidia mishipa mipya ya damu kuota ili uvimbe upate chakula. Kuna pia seli T za udhibiti, ambazo kazi yake ni kuwatuliza wenzao. Kiambata kinachoziamsha seli zote bila kuchagua kinaweza kuwa kinawaamsha na hao. Na katika leukemia na limfoma (saratani ya mfumo wa limfu), seli zilizogeuka saratani ni za kinga yenyewe. Hapo mtu anayeuza kitu cha "kuongeza chembechembe nyeupe" anapaswa kwanza kueleza ni zipi anazokusudia.

Namba ya 10,000

Pengine umewahi kutumiwa ujumbe unaosema stafeli ni kali mara 10,000 kuliko tibakemikali. Namba hiyo haikubuniwa na mpiga porojo. Ilitoka katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996, na tukiifuata hadi ilikoanzia tunaelewa sehemu kubwa ya mkanganyiko huu.

Watafiti walitenga viambata kutoka kwenye mbegu za stafeli na kuvijaribu juu ya seli za saratani zinazooteshwa maabara. Majaribio ya namna hii kwa kawaida hufanyika kwenye kisahani cha plastiki chenye vishimo 96, kila kimoja kidogo kuliko ncha ya kidole. Ndani ya kila kishimo mna maji yenye virutubisho na seli elfu kadhaa zilizojishika chini. Mtafiti anatia kiambata, kingi upande mmoja, kisha anakipunguza hatua kwa hatua kuelekea upande wa pili. Baada ya siku mbili tatu anaongeza rangi ya njano, ambayo seli hai huigeuza kuwa zambarau. Palipobaki njano seli zimekufa. Mashine inasoma rangi, na hesabu inaonyesha ni kiwango gani kilichotosha kuzimaliza.

Katika kazi ile kiambata kimoja, aina ya anonasini, kilihitaji kiwango kidogo mara 10,000 kuliko adriamisini, dawa ya tibakemikali, ili kuzidhuru seli za saratani ya utumbo mpana za aina moja. Hiyo ndiyo maana yote ya 10,000: kiwango ndani ya kishimo. Haisemi ni wagonjwa wangapi walipona, kwa sababu hapakuwa na mgonjwa. Haisemi lolote kuhusu tunda, maana kilichopimwa ni kiambata safi kilichotengwa. Haigusi kinga kabisa, kwa kuwa ndani ya kishimo hakuna seli T, hakuna damu, hakuna ini la kukivunja kiambata wala figo za kukitoa. Hata dawa ya kuondoa madoa ya nguo huua seli za saratani kwenye kishimo.

Viambata hivyo vya stafeli vinaua kwa kuziba mtambo wa nishati ndani ya mitokondria, na mtambo huo upo pia kwenye seli za neva. Katika kisiwa cha Guadeloupe, huko Karibea, watafiti wameuhusisha ulaji wa muda mrefu wa tunda hilo na unywaji wa maji ya majani yake na ugonjwa wa neva unaofanana na Parkinson, maradhi ya kutetemeka na kukakamaa, na panya waliopewa anonasini waliharibika ubongo. Mgonjwa anayekunywa maji hayo kila siku kwa miezi anastahili kuambiwa hilo waziwazi.

Maabara zinazopima kinga yenyewe zina mtego wao. Ili kuona kama dondoo ya mmea, yaani mchujo wa viambata vyake, inaamsha kinga, mtafiti huimwagia makrofaji na kupima kemikali za ishara wanazotoa. Tatizo ni kwamba mmea hauishi peke yake. Ndani na juu ya majani yake huishi bakteria, na kuta za bakteria zina lipopolisakaridi, kitu ambacho makrofaji hukiitikia hata kikiwa kidogo mno. Dondoo inaweza kung'ara katika kipimo kwa sababu ya uchafu wa bakteria, na mmea ukapewa sifa isiyo yake. Wapo watafiti waliozichunguza upya dondoo zilizosifiwa kuamsha kinga na kukuta sehemu kubwa ya nguvu hiyo ilitoka kwa bakteria. Kwa hiyo ukisoma kwamba jani fulani limeamsha kinga maabara, uliza kwanza kama waliliondolea mabaki hayo kabla ya kupima.

Kurkumini, kiambata cha manjano, kina shida ya aina yake. Kinaingilia vipimo vyenyewe: kinang'aa, kinagandamana na protini nyingi bila mpangilio na huvunjika haraka, kwa hiyo kinaonekana kufanya kazi karibu popote kinapojaribiwa. Kikimezwa, kinachofika kwenye damu ni kidogo sana. Wakemia waliopitia kazi zake mwaka 2017 walikuta majaribio zaidi ya 120 kwa binadamu bila jaribio hata moja la kuaminika, lenye dawa bandia (isiyo na tiba ndani yake) ya kulinganishia, lililofaulu.

Panya walipona, watu hawakupona

Kati ya visa vyote vya eneo hili, hiki ndicho ningependa kila mwandishi wa habari za afya akijue. Watafiti waliokuwa wakifuata viambata vya kundi la flavonoidi, ambalo ni la kawaida sana kwenye mimea, walitengeneza kemikali yenye umbo la jamii hiyo na kuiboresha hadi wakapata nyingine iliyoitwa DMXAA. Kwa panya matokeo yalikuwa ya ajabu. Mishipa ya damu ya uvimbe iliporomoka, kinga ikawaka, uvimbe ukatoweka. Dawa ilisonga mbele hadi jaribio kubwa la wagonjwa zaidi ya 1,000 wa saratani ya mapafu, ikiongezwa juu ya tibakemikali. Haikuongeza chochote.

Jibu lilikuja mwaka 2013. DMXAA huamsha protini iitwayo STING, kengele ya ndani ya seli inayolia seli inapohisi DNA mahali isipopaswa kuwa. Inashikana na STING ya panya. Ya binadamu, yenye tofauti ndogo za umbo, haishikani nayo. Miaka ya kazi na matumaini ya wagonjwa wale yalisimama juu ya tofauti hiyo.

Na si kisa pekee. Paklitakseli, dawa iliyotoka kwenye gome la mti wa Taxus brevifolia wa pwani ya magharibi ya Marekani, huwaamsha makrofaji wa panya kana kwamba wamekutana na bakteria. Makrofaji wa binadamu hawaitikii hivyo, kwa sababu kipokezi chao kina umbo tofauti kidogo. Kwa binadamu paklitakseli hufanya kazi kwa njia nyingine, aliyoieleza Susan Horwitz mwaka 1979: hugandisha nyuzinyuzi ambazo seli huzitumia kujigawa, na seli inayojaribu kugawanyika hukwama. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1992 kwa saratani ya ovari, na leo hutolewa pamoja na tibakinga katika baadhi ya saratani za matiti na mapafu. Yaani dawa ya mmea na dawa ya breki zinakutana katika mgonjwa mmoja, kila moja na kazi yake, baada ya mchanganyiko wao kupimwa katika majaribio.

Mimea iliyogusa kinga kweli

Kama kuna mti unaostahili kuitwa mwalimu wa kinga, kwangu ni Quillaja saponaria wa Chile. Gome lake lina saponini, vitu vinavyotoa povu kama sabuni. Saponini moja iliyosafishwa, QS-21, ikitiwa ndani ya chanjo kwa kiwango cha mikrogramu, hufanya seli za dendriti kwenye tezi ya limfu iliyo karibu ziamke na kuionyesha chanjo kwa seli T kwa nguvu zaidi. Imo katika Shingrix, chanjo ya mkanda wa jeshi iliyoidhinishwa mwaka 2017. Imo katika RTS,S, chanjo ya malaria iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021. Chanjo ya pili ya malaria, R21, iliyopendekezwa mwaka 2023, nayo hutegemea saponini za mti huohuo katika mchanganyiko mwingine.

Je, kwa saratani? Ilijaribiwa. Wagonjwa zaidi ya 2,000 wa saratani ya mapafu, waliokwisha kufanyiwa upasuaji, walishiriki jaribio la chanjo iliyobeba protini ya saratani iitwayo MAGE-A3 pamoja na QS-21. Mwaka 2014 jaribio lilisimamishwa kwa kuwa saratani ilirudi kwa wapewa chanjo sawa na kwa wapewa dawa bandia. Kiambata kilekile kinachofanya kazi nzuri dhidi ya virusi vya mkanda wa jeshi hakikutosha hapa. Sioni kama ni kushindwa kwa mti. Kuamsha kinga ni nusu ya kazi, nusu ya pili ni kuionyesha shabaha inayoonekana, katika uvimbe ambao haujafunga milango.

Mfano wenye matumaini zaidi unatoka kwenye misitu ya mvua ya Queensland, Australia. Mbegu za mti uitwao Fontainea picrosperma zina kiambata tigilanoli tiglati. Hakimezwi. Daktari wa mifugo hukidunga ndani ya uvimbe wa mbwa, aina ya saratani ya seli za masti, ambazo ni seli za kinga, inayotokea kwenye ngozi. Katika saa za mwanzo sehemu ile huvimba na kuwa nyekundu, kwa sababu kiambata kinaamsha kimeng'enya kiitwacho protini kinasi C na kuita seli za kinga kwa wingi. Mishipa ya damu ya uvimbe huvuja na kuziba. Uvimbe huwa mweusi, hufa, na ndani ya siku chache hudondoka na kuacha shimo lililo wazi, ambalo mtu asiyejua angelidhani ni kidonda kibaya. Mara nyingi kidonda hicho hufunga chenyewe ndani ya wiki nne hadi sita. Katika jaribio lililowezesha idhini, asilimia 75 ya mbwa waliodungwa mara moja hawakuwa na uvimbe ule baada ya siku 28, ikilinganishwa na asilimia 5 ya wasiodungwa dawa. Ulaya na Marekani waliiidhinisha mwaka 2020 kwa jina la Stelfonta, kwa mbwa. Jaribio la kwanza kwa binadamu lilikuwa na wagonjwa 22, na kwa wanne kati yao uvimbe uliodungwa ulitoweka.

Mahali ndilo jambo la kushika hapa. Moto wa kinga uliwashwa ndani ya uvimbe na kubaki palepale. Kiambata hikihiki kikienea mwili mzima kingekuwa hatari. Na mpaka kati ya faida na madhara ni mwembamba hata pale dawa inapopakwa juu ya ngozi tu. Ingenoli mebutati, kiambata kinachoamsha kimeng'enya kilekile, kilitolewa kwenye utomvu wa Euphorbia peplus. Kiliuzwa kwa jina la Picato tangu mwaka 2012 kutibu madoa ya jua yanayoweza kugeuka saratani. Kiliyaondoa. Ila wagonjwa walipofuatiliwa kwa miaka mitatu, asilimia 3.3 ya waliokitumia walipata saratani ya ngozi ya seli bapa, dhidi ya asilimia 0.4 ya waliotumia dawa nyingine. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilihitimisha kwamba hatari yake inazidi faida. Bila ufuatiliaji ule wa miaka, dawa hiyo ingekuwa bado inasifiwa.

Dondoo ya Viscum album, mmea kimelea unaoota juu ya matawi ya miti mingine, ina historia ndefu zaidi katika jambo hili. Inadungwa kwa wagonjwa wa saratani Ujerumani na Uswisi tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, ikisemwa kuwa inaamsha kinga. Mwaka 2013 jaribio la Serbia kwa wagonjwa 220 wa saratani ya kongosho iliyoenea liliripoti kwamba waliodungwa waliishi muda mrefu zaidi. Lakini kila mmoja, daktari na mgonjwa, alijua nani anadungwa nini. Wasweden walilirudia jambo hilo kwa wagonjwa 290, safari hii kwa dawa bandia na kwa siri pande zote, na kuchapisha mwaka 2024. Maisha hayakurefuka, na hali ya wagonjwa haikuwa bora kuliko ya wenzao.

Ninachokiona kizito katika kisa hicho ni kwamba kinga iliiona dondoo. Ngozi pale sindano inapoingia mara nyingi huwa nyekundu na kuvimba, ishara isiyo na shaka kwamba seli za kinga zimekusanyika. Ni rahisi mgonjwa kuutazama wekundu huo na kuamini kwamba dawa inafanya kazi. Imefanya kazi kwenye ngozi. Kongosho ni mahali pengine.

Njia ya utumbo

Kuna njia nyingine ya mimea kuifikia kinga, na yenyewe hupita kwa bakteria wanaoishi tumboni. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2018 zilionyesha kwamba wagonjwa wanaoitikia tibakinga vizuri wana mchanganyiko wa bakteria wa utumbo tofauti na wasioitikia. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani waliangalia chakula cha wagonjwa 128 wa melanoma waliokuwa wakipata tibakinga. Waliokula nyuzinyuzi za mimea za kutosha, angalau gramu 20 kwa siku, walikaa muda mrefu zaidi kabla ugonjwa haujasonga mbele. Kila nyongeza ya gramu 5 iliendana na asilimia 30 pungufu ya hatari ya ugonjwa kusonga au kifo. Huo ulikuwa uchunguzi wa mazoea ya watu, kwa hiyo hauthibitishi kwamba nyuzinyuzi ndizo zilizofanya kazi. Jambo lililonishtua liko upande wa pili wa utafiti uleule: panya waliopewa vidonge vya bakteria "wazuri" wanaouzwa madukani waliitikia tibakinga vibaya zaidi.

Mwaka 2022 ikaja kazi juu ya kastalajini, kiambata cha tunda la Amazoni liitwalo camu camu. Kwa panya, kiambata hiki kikinywewa kilibadilisha bakteria wa utumbo na kuirudishia dawa ya kuachilia breki ya PD-1 nguvu pale ilipokuwa imegoma. Majaribio kwa binadamu yakafuata. Kwa kuzingatia yaliyotokea kwa DMXAA, nasubiri matokeo hayo kwa hamu, nami sitamshauri mgonjwa yeyote ajinunulie unga wa tunda hilo kabla hayajatoka.

Vinapochanganywa na matibabu

Ubaya mkubwa zaidi wa ahadi ya kuongeza kinga huja pale inapomfanya mtu aache matibabu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia wagonjwa 281 wa saratani ya matiti, tezi dume, mapafu na utumbo, ambazo zilikuwa hazijaenea, waliochagua tiba mbadala peke yake. Wakilinganishwa na wenzao waliotibiwa kwa njia za kawaida, hatari yao ya kufa ilikuwa mara 2.5. Hizo ni saratani zilizokuwa bado na nafasi nzuri ya kutibika.

Lakini wengi hawaachi matibabu. Wanafanya yote mawili, na hawamwambii daktari kwa kuogopa kukaripiwa. Hapo lawama ni ya pande zote. Daktari anayemdhihaki mgonjwa kwa sababu ya chupa ya mizizi anajinyima taarifa anayoihitaji ili amtibu salama.

Kuna mmea wa Ulaya, Hypericum perforatum, unaotumiwa na watu wenye sonona. Unalichochea ini lizalishe vimeng'enya vingi zaidi vya kuvunja dawa. Wagonjwa walioutumia wakati wakipata irinotekani, dawa ya saratani ya utumbo ambayo nayo asili yake ni mti wa China, walikuwa na kiwango cha dawa amilifu kilichopungua kwa asilimia 42 kwenye damu. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza hata kujisikia nafuu, kwani madhara ya dawa yanapungua, na asijue kwamba kilichopungua ni dawa yenyewe. Kiambata kikuu cha chai ya kijani, EGCG, hushikana moja kwa moja na bortezomibu, dawa ya mieloma (saratani ya uboho), na katika majaribio ya maabara na ya panya kiliizuia isifanye kazi. Kwa mgonjwa aliyepandikizwa uboho au kiungo, mmea unaoamsha seli T kweli ni tishio, kwa kuwa dawa anazomeza kila siku zipo ili seli hizo zitulie.

Kwa hiyo kama wewe au ndugu yako anatumia mmea wowote wakati wa matibabu ya saratani, andika jina lake, sehemu inayotumika kama ni gome, mzizi, mbegu au jani, unavyoandaliwa, kiasi na mara ngapi kwa siku, na tarehe ulipoanza. Chukua chupa au pakiti yenyewe uende nayo. Fanya hivyo kabla ya dozi ya kwanza ya tibakinga, tibakemikali au upasuaji, na usikae kimya hata kama umeshaacha kuutumia, kwa sababu ini lililochochewa na mmea kama Hypericum huweza kuendelea kuivunja dawa kwa kasi kwa wiki mbili baada ya kikombe cha mwisho.